Sanduku Lililomlilia Waridi

Mkono wa Amissi ulianza kutetemeka akiwa ameshika wembe, na wembe ukiwa juu ya mdomo wa mtu. Mtu mwenyewe alikuwa karani wa serikali, mtu wa miwani na maneno machache, aliyekuwa na mazoea ya kunyolewa katika duka la Twalibu kule Asiatique, mtaa wa maduka ya Wahindi mjini Bujumbura. Hakupiga kelele. Alichukua taulo, akajifuta damu, akaitazama, akavaa miwani yake na kutoka na povu likiwa bado upande mmoja wa uso. Alivuka barabara hivyohivyo. Wahindi waliokaa milangoni mwa maduka yao walimwangalia akipita, kisha wakageuka kuangalia alikotoka.

Twalibu, kaka mkubwa wa Amissi na mwenye duka, alingoja mpaka wateja wote waondoke. Ndipo akasema kwa upole, upole ule wa mtu aliyekwisha kuamua.

"Ndugu yangu, wembe uache kwanza. Utafagia nywele mupaka mukono upone."

Amissi alikuwa kinyozi tangu ndevu zake mwenyewe hazijaota. Sasa alishika ufagio. Na cha ajabu, mkono uliushika ufagio vizuri kabisa, bila kutikisika hata kidogo, jambo ambalo Twalibu hakuacha kuwaeleza wateja.

Nyumbani kwao Buyenzi, mama yao, Bibi Mwantum, alitangaza kwamba mwanawe ni mgonjwa na kwamba nyumba yenye mgonjwa ina sheria zake. Maziwa ni ya Amissi. Kiti cha kamba kilichoko kivulini ni cha Amissi. Samaki wa mukeke akipikwa, upande wenye nyama ni wa Amissi. Watoto wakacheze kwa jirani, na wakirudi wasicheke. Alipomaliza kuzitangaza sheria, Bibi Mwantum alikwenda kujilaza, kwa sababu aliyetakiwa kuzitekeleza alikuwa Waridi, mke wa Amissi.

Waridi alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega yaliyopanda kidogo kuelekea masikioni, kama mtu anayetarajia kurushiwa kitu. Alikanda unga wa mandazi kabla ya adhana, akayauza mlangoni, akateka maji, akapika, akamkanda mama mkwe miguu, na sasa alikuwa pia na mume wa kumwekea mto mgongoni. Alikuwa akiumwa kichwa, hasa kisogoni. Usiku alisaga meno hata Amissi akalalamika kwamba kulala naye ni sawa na kulala karibu na jiwe la kusagia mtama. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Yeye mwenyewe pia hakuwahi kujiuliza.

Walijaribu waliyoyajua. Shehe aliandika aya za kombe kwa zafarani, Amissi akalinywa. Daktari wa hospitali alimgonga magoti kwa kinyundo kidogo, akamwambia anyooshe vidole, akasema, "Ni nerfs," yaani mishipa ya fahamu, na hakuandika dawa yoyote. Neno hilo lilimpendeza Amissi. Alirudi nalo nyumbani kama mtu aliyepandishwa cheo. Ukimwomba asogeze ndoo, alikujibu bila hasira, "We, mi niko na nerfs."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Profesa Anselme alipokuja dukani kunyolewa, akamkuta kinyozi wake ameshika ufagio.

*

Anselme alikuwa Mrundi kijana, mwalimu wa chuo kikuu, aliyesomea Ubelgiji mambo ya akili za watu. Alirudi na vitabu, koti moja zito ambalo Bujumbura haikumpa nafasi ya kulivaa, na mashine. Alimwambia Amissi amletee mkono wake kule chuoni, jirani na mtaa wa Mutanga Sud, kwani alikuwa akitafuta watu wa kujaribu nao mashine hiyo.

"Ni ya umeme?" Amissi aliuliza.

"Ni ya betri. Kama tochi."

Hata hivyo Amissi hakukubali kwenda peke yake. Kwa hiyo Waridi aliacha nguo alizokuwa akifua, akajifunga kanga, wakapanda mlima, yeye akimshikia mgonjwa mwavuli.

Ofisi ya Profesa ilikuwa na dirisha moja lililotazama bustani, meza, na viti vya kukunja. Mashine ilikuwa sanduku la bati la kijivu, dogo kama redio, lenye kitufe cha kuzungusha na mshale nyuma ya kioo. Kutoka ubavuni zilitoka nyaya mbili zilizoishia kwenye pete za kitambaa. Anselme alilitaja kwa Kifaransa jina refu ambalo Waridi hakulishika. Kisha akaeleza kwa Kiswahili.

"Vidole vya mutu vinatoka jasho hata kama mwenyewe haoni. Mutu akiwa na wasiwasi, jasho linazidi, sauti inapanda. Akitulia, sauti inashuka. Mashine haitibu. Inakusikilizisha tu mwili wako, ili ujifunze kuutuliza mwenyewe. Ni kama kile kioo cha dukani, Amissi. Kioo hakinyoi. Lakini bila kioo mutu hajui ndevu ziko wapi."

Amissi aliukubali mfano huo. Akavishwa pete, akafumba macho kama mtu anayengoja kufa shahidi. Sanduku lilianza kulia kama mbu. Baada ya muda mbu akawa nyuki, nyuki akawa mngurumo mdogo wa mbali, na mngurumo ulipokaribia kuisha ilisikika sauti nyingine. Amissi alikuwa anakoroma.

Profesa alikuna kidevu. Alimwamsha, akamwekea wembe uliofungwa kwenye mkono wa pili. Hapo sauti ikaruka juu mara moja, na mkono ukatetemeka.

"Vizuri," alisema Anselme, kwa furaha ambayo Amissi aliiona ni ya kukosa adabu. "Kwa hiyo ni wembe. Tutafanya mazoezi polepole, mupaka uushike na sauti ibaki chini. Lakini kwanza nataka usikie sauti ya mutu wa kawaida, mutu asiye na shida, amekaa tu. Mama, karibu hapa."

Waridi aligeuka kuona ni mama gani aliyeingia.

"We, Mama. Ni kidogo tu."

Alikaa ukingoni mwa kiti, mwavuli magotini. Profesa alimvisha pete. Sanduku likapiga ukelele kama mbuzi aliyekanyagwa. Anselme akazungusha kitufe, ukelele ukabaki palepale. Akazima, akawasha. Akatoa betri, akazilamba ncha, akazirudisha. Akajivisha pete yeye mwenyewe, sanduku likanguruma kwa heshima. Akamvisha Amissi, likanguruma. Akamvisha Waridi, likapiga ukelele mpaka mwanafunzi mmoja akachungulia mlangoni na kuomba radhi.

Amissi alicheka kwanza, kicheko cha mtu aliyekwisha kuoneshwa kwamba yeye ni mzima zaidi. Kisha akaona maana yake, akaacha kucheka.

"Imeharibika," alisema.

"Haikuharibika. Mama, unaumwa wapi?"

Swali lilikuwa geni kiasi kwamba Waridi alimtazama mumewe amjibie.

"Huyu?" alisema Amissi. "Huyu haumwi. Mugonjwa ni mimi."

*

Wakati wa kurudi Amissi alijishikia mwavuli mwenyewe.

Walipofika nyumbani alimwambia mama yake kila kitu, kwa sauti ya kunong'ona iliyosikika mpaka uwanja wa jirani. Bibi Mwantum alisikiliza akiwa amelala, kisha akaketi.

"Sanduku haliwezi kumulilia mutu bure," alisema. "Liliona kitu."

Asubuhi yake Scholastique, jirani wa upande wa pili wa ua, mwanamke Mkatoliki aliyeshona viraka vya nguo za watu, alikuja kununua mandazi kama kawaida. Alichagua taratibu kuliko kawaida.

"Yoo, Waridi. Eti kule universite kuna redio inasoma siri za watu?"

"Si redio."

"Na ilikulilia?"

"Ilipiga kelele kidogo."

Scholastique aliyafunga mandazi yake katika kitambaa, akamwangalia Waridi usoni kwa muda, akaonekana anataka kuuliza jambo jingine. Hakuuliza. Aliondoka.

Habari ilishuka mpaka Asiatique, na ilipofika dukani kwa Twalibu ilikuwa imeshanenepa. Sanduku lilikuwa limegeuka kuwa mashine ya polisi wa Ulaya, inayomlilia mwizi na mke mzinzi. Mteja mmoja alimuuliza Twalibu, kwa nia njema kabisa, kama shemeji yake amekwisha kutubu. Twalibu alimaliza kumnyoa, akamfuta shingo, akamwambia kwaheri. Tangu siku hiyo hakwenda tena mwenyewe kuchukua mandazi ya Waridi, ila alituma mtu amletee.

Amissi alirudi chuoni mara chache, akafanya mazoezi ya wembe, kisha akaacha. Alisema mlima ule unaharibu nerfs. Waridi ndiye aliyeendelea. Hakumdanganya mtu. Alibeba beseni la mandazi, akawauzia wanafunzi kwenye lango, na beseni lilipokuwa tupu alikwenda kubisha kwa Profesa.

Alijifunza kutulia kama alivyojifunza kazi nyingine zote, kwa nguvu. Alifumba macho, akakunja ngumi, akashikilia pumzi. Sanduku lilipiga ukelele.

"Usikaze, Mama."

"Sijakaza. Ninatulia."

"Unatulia kwa nguvu sana. Legeza."

"Nilegeze nini, Profesa?"

Lilikuwa swali la kweli. Hakujua ni kipi kimekaza, kwa kuwa hakukuwa na kitu kilicholegea cha kulinganisha nacho. Anselme alifikiri. Akamwambia aanze na meno. Meno ya juu na ya chini yasigusane.

Waridi aligundua kwamba yanagusana. Si kugusana tu, yameumana kama mlango na kizingiti. Akayaachanisha. Taya lilimshangaza kwa uzito wake. Sanduku likashuka, kidogo sana, kama mtu anayekata maneno katikati ili asikilize. Waridi alifurahi, na kwa sababu alifurahi lilipanda tena.

"Umesikia?" aliuliza Profesa.

"Nimesikia. Nimelikimbiza."

"Litarudi. Usilifuate. Uliache lije."

Ilichukua wiki nyingi. Alijifunza kuushusha ulimi ulale chini mdomoni, na mabega yashuke kutoka masikioni, yalikokuwa yakielekea siku zote. Alijifunza kutoa pumzi taratibu, kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Siku nyingine sanduku lilimtii, siku nyingine lilikuwa kama punda. Nyumbani hakukuwa na sanduku, lakini aliyakumbuka meno. Akiwa anachochea moto aliyaachanisha. Bibi Mwantum akimwita, yaliumana tena yenyewe.

Kisha ikafika siku ambayo sauti ilishuka na haikusimama. Ilishuka kutoka mbu hadi nyuki, kutoka nyuki hadi mngurumo, na mngurumo ukazama mpaka Waridi akasikia majani ya bustani nje ya dirisha. Mikono yake ilikuwa ya moto na mizito. Kichwa hakikuuma. Katika utulivu ule, bila kuitwa, kaka yake Huseni alimwingia akilini akiwa anasukuma baiskeli, suruali ameibana kwa kibanio cha nguo ili isikamatwe na mnyororo, akasema, kama alivyosema siku ile, "Nitapita jioni."

Sanduku likapiga ukelele. Waridi alikuwa analia.

Huseni alikuwa fundi mitambo. Katika ule mwaka wa sabini na mbili, mwaka ambao watu wengi walichukuliwa makazini mwao na hawakurudi, yeye naye alikwenda kazini na hakurudi. Hakuna aliyeleta habari. Aliyeuliza aliambiwa asiulize. Waliobaki walijifunza haraka: hapakuwekwa matanga, hapakusomwa hitma, jina halikutajwa hata uani, na watoto waliambiwa mjomba amesafiri. Waridi aliendelea kukanda unga.

"Mama, ni nini?" Anselme aliuliza.

"Ni ndugu yangu. Mwaka ule..."

Profesa aliinuka upesi kuliko ilivyostahili, akafunga dirisha. Alisimama akilitazama.

"Mama, tafadhali. Humu ndani tusitaje majina."

"Sikutaja."

"Basi. Ni vizuri."

Waridi alijifuta machozi kwa ncha ya kanga. Aliutazama mgongo wa yule kijana, akaona kwamba mabega yake yamepanda.

"Na we, Profesa, ukivaa hizi pete, bado hailii?"

Anselme alianza kuzikunja nyaya.

"Siku hizi sizivai," alisema.

*

Ijumaa moja baada ya sala ya adhuhuri, Twalibu alikuja akiwa na kanzu yake nyeupe na kofia ya nakshi. Alimkuta Amissi kwenye kiti cha kamba. Alimkuta Bibi Mwantum kitandani, mlango wazi. Na alimkuta Waridi ameketi kwenye mkeka, ameegemea ukuta, amefumba macho, viganja vimelala juu ya mapaja. Hakuwa anachambua mchele, hakuwa anashona, wala hakuwa na tasbihi mkononi.

Twalibu alimtazama kwa muda. Mwanamke mzima, mwenye afya, kukaa bure mchana kweupe ni jambo ambalo Buyenzi haikuwa imelitengenezea jina.

"Amekufa?" aliuliza.

"Apana," alisema Amissi. "Anatulia."

"Anatulia kutoka wapi?"

Waridi alifumbua macho, akamwamkia shemeji yake, akainuka kumletea kiti. Twalibu alikataa kiti, jambo lililomaanisha kwamba kikao kimeanza. Bibi Mwantum alitoka chumbani akiwa ameshika ukuta. Watoto, ambao walikuwa na uzoefu, walipotea.

"Nimenyamaza muda murefu," alianza Twalibu. "Nilisema ni maneno ya watu. Lakini watu wananiuliza dukani, na mi sina jibu. Ninyoe mutu huku ananiuliza habari za nyumba ya ndugu yangu? Sanduku limemulilia mugonjwa? Apana. Limemulilia muzima. Kwa nini?"

"Profesa alisema ni jasho," Amissi alijaribu.

"Jasho la nini? Amekaa kwenye kiti, kivulini, anatoka jasho la nini?" Akamgeukia Waridi. "Shemeji, kila wiki unapanda Mutanga. Unasema ni mandazi. Buyenzi hakuna watu wenye midomo? Mi nitasema wazi mbele ya mama yetu. Kama kuna kitu unaficha, useme. Kama kuna mwanaume huko, useme, Amissi akuache kwa wema, urudi kwenu bila aibu."

Kwao Waridi hakukuwa na mtu. Twalibu alilijua hilo, na baada ya kulisema alirekebisha kofia yake.

Waridi alimtazama mumewe. Amissi alikuwa anauangalia mkono wake, ule wa kulia, kama mtu anayesubiri mkono ndio useme. Bibi Mwantum alisema, "Sema, mwanangu. Ukiwa huna kitu, kusema ni rahisi." Nje, fundi mmoja aligongagonga bati.

Waridi alihisi meno yake yameumana. Aliyaachanisha. Alishusha ulimi. Alitoa pumzi kama mtu anayepoza uji, na hakuna aliyeharakisha kumjibia.

"Ndiyo," alisema. "Kuna mwanaume ninamuficha."

Twalibu, ambaye alikuja kulisikia neno hilo, hakuwa amejiandaa kulisikia. Alikaa kwenye kile kiti alichokikataa.

"Anaitwa Huseni," alisema Waridi. "Ndugu yangu, Huseni wa Mwajuma, mama yangu. Alisema atapita jioni. Nilimuwekea chakula. Nimemuficha kwenye shingo hii, na kwenye meno, mupaka Amissi halali. Sanduku halikukosea, shemeji. Liliona kitu."

Bibi Mwantum alikwenda dirishani. Waridi alidhani atafanya kama Profesa, atafunga na kuomba majina yasitajwe. Mwanamke mzee alifunga dirisha, akafunga na mlango wa mbele, akaweka komeo. Kisha akarudi, akajishusha kwenye mkeka kwa shida, na kukaa mahali alipokuwa amekaa Waridi.

"Huseni," alisema. Alilijaribu jina mdomoni kama chakula ambacho hakukila siku nyingi. "Alikuwa ananiletea tumbaku ya kunusa. Hukuwa unajua."

"Sikujua, Mama."

"Tulikuwa tunakuficha."

Twalibu alisafisha koo. Alisema kwa sauti ya chini, sauti ambayo dukani hawakuwahi kuisikia, kwamba mambo haya si ya kusemwa, kwamba kuta za Buyenzi ni nyembamba, kwamba yeye ana duka. Hakuna aliyembishia. Yote yalikuwa kweli. Alipomaliza alijikuta bado amekaa.

Ndipo Amissi akasema, akiwa bado anautazama mkono.

"Alipita dukani kwanza, asubuhi ile. Alitaka kunyolewa. Nilimuambia ndevu bado ni kidogo, angoje. Akasema apana, kuna wakubwa wanakuja kutembelea kazi, anataka kuwa safi. Nilimunyoa vizuri sana." Akaugeuza mkono. "Nilimunyoa vizuri sana, Waridi."

Katika miaka yote ya ndoa yao Waridi hakuwa amesikia habari hiyo. Alikaa chini karibu na kiti cha kamba, na kwa kuwa hakujua la kufanya, aliushika ule mkono. Ulikuwa unatetemeka. Aliuacha utetemeke ndani ya mkono wake.

*

Waliamua kumsomea siku hiyohiyo, kabla hofu haijarudi. Twalibu alileta kizuizi cha mwisho, kwamba hitma haisomwi kwa mtu ambaye haijulikani kama amekufa.

"Basi tumuombee dua," alisema Bibi Mwantum. "Dua inamufaa aliye hai na aliye maiti. Mungu atajua aipeleke wapi."

Hakuitwa shehe. Hakukuwa na sufuria ya wali wala ubani, maana ubani una harufu na harufu huuliza maswali. Walikaa kwenye mkeka, wanaume upande wa ukuta, wanawake upande wa mlango, saa ya alasiri, na joto lilikuwa limejaa chumbani kwa sababu ya dirisha lililofungwa. Amissi alikishika kijitabu cha Yasini kwa mikono miwili. Kurasa zilipepea kidogo. Alianza kwa sauti ya chini, na hapohapo Twalibu, aliyejua kusoma vizuri zaidi, akamfuata. Na sauti mbili zikawa kubwa kidogo kuliko walivyokusudia.

Walikuwa wameshafika mbali kidogo waliposikia mlango unabishwa.

Kijitabu kikaingia chini ya paja la Amissi. Twalibu aliinua sahani tupu, akaishika mbele yake kama mtu aliyealikwa chakula. Mlango ukabishwa tena, si kwa nguvu. Waridi aliinuka. Alijua kwamba meno yake yameumana, na safari hii aliyaacha.

Alikuwa Scholastique, yule jirani. Alikuwa ameshika bakuli lake la kununulia mandazi, ingawa saa ya mandazi ilikuwa imepita zamani. Alichungulia ndani, akaona mkeka, akaona Twalibu na sahani yake.

"Nimesikia munasoma," alisema.

Twalibu aliinamia sahani yake tupu.

"Ua ni wa majani tu. Nilisikia na lile jina." Alitazama nyuma, njia ilikuwa tupu. "Mi najua si Muislamu."

"Tunajua, mwanangu," alisema Bibi Mwantum kutoka ndani.

"Padri nilimuogopa kumuomba misa. Si kwamba ni mubaya. Nilimuogopa tu." Bakuli lilikuwa linazunguka mikononi mwake. "Niko na mutoto. Alikuwa anasoma ualimu. Walikuja na gari, wakaita majina."

Waridi alimshika mkono, akamvuta ndani, akarudisha komeo. Alimsogezea nafasi kwenye mkeka, upande wa wanawake. Scholastique alikaa miguu pembeni, kanga aliyopewa na Waridi kichwani mwake, bakuli mapajani.

Twalibu alishusha sahani. Alimtazama mama yake, kama anayengoja katazo. Bibi Mwantum alikuwa ameshafungua viganja.

Amissi alikitoa kijitabu chini ya paja, akakinyoosha.

"Anaitwa nani?" aliuliza.

"Callixte."

"Callixte wa nani?"

Mwanamke hakuelewa.

"Tunaita na jina la mama," Waridi alimwambia.

"Wa Scholastique," alisema.

Amissi akalirudia lile jina taratibu, ili asilikosee, akafunua ukurasa wa kwanza, akaanza upya.